Kunde zikinyauka, shika jembe kwanza: mwongozo wa kuoza mizizi kwenye kunde, choroko na mbaazi

Saa sita mchana, jua likiwa la utosi, kila mmea hulegea kidogo. Hilo halitishi. Kinachotisha ni mkunde uliolegea saa sita, ukabaki vile vile alasiri, na asubuhi ya pili, umande bado haujakauka, majani yake yangali yananing'inia. Hapo ujue maji hayapandi.

Mimi mwenyewe nilipoteza msimu mzima wa choroko kwa kutazama juu. Konde langu liko kando ya bonde, upande wa Wete, kisiwani Pemba, kwenye udongo wa kinamo unaoshika maji. Michoroko ilipofika wiki tatu ikaanza kugeuka manjano. Nikaenda dukani, nikaeleza, nikapewa dawa ya unga ya kupiga kwenye majani. Nikapiga mara tatu. Jirani yangu, mzee aliyelima bonde lile kabla sijazaliwa, akanikuta na bomba mgongoni.

"Unapiga nini, mwanangu?"

"Dawa ya ukungu, ami."

"Na huo ukungu umeuona wapi?"

Sikuwa na jawabu. Akanipa jembe lake nichimbe mche mmoja. Ulitoka na mzizi mkuu uliobaki kama uzi. Nilipoushika kwa vidole viwili, ganda likavuka lote kama ngozi ya pweza aliyechemshwa. Dawa yote ile nilikuwa naosha majani.

Basi mwongozo huu unaanzia chini. Na kuna jambo moja nataka lisikupite: kuoza mizizi si ugonjwa mmoja. Wavamizi ni wengi, na linalomwokoa mkulima mbele ya mmoja ndilo linalomwangamiza mbele ya mwingine. Kabla hujajua ni yupi, usifanye kitu.

Kuchimba na kuosha

Nenda asubuhi mapema. Chukua jembe, ndoo ya maji, kisu chenye makali na kitambaa cheupe. Kwanza zunguka konde lote bila kuchimba, utazame ugonjwa umekaaje. Umekaa kwenye kishimo kinachotuamisha maji? Umefuata mfereji? Au umepiga mmea mmoja hapa, mwingine kule? Kuoza mizizi mara nyingi huanza kwa viraka, na kiraka huongezeka wiki hadi wiki kwa kufuata maji na jembe.

Kisha chimba mimea tisa: mitatu iliyo hoi, mitatu ya ukingoni mwa kiraka ambayo ndiyo kwanza inabadilika rangi, na mitatu mizima ya mbali. Ile ya ukingoni ndiyo yenye habari. Mmea uliokufa zamani huvamiwa na kila aina ya kuvu wanaokula mizoga tu, ukadhani umemshika mwizi kumbe umemshika mpita njia.

Usivute kwa mkono. Mizizi iliyooza hukatika ikabaki chini, nawe ukaondoka na shina tupu. Weka jembe shubiri moja kutoka kwenye shina, lizamishe, inua bonge zima, kisha liloweke kwenye ndoo kama dakika kumi. Lisukesuke taratibu, udongo utaachia wenyewe. Mizizi mizima huwa myeupe au rangi ya malai, na ni migumu. Utakuta na vinundu vidogo vilivyobandika pembeni. Kibane kimoja kwa ukucha, na kikiwa chekundu cha waridi ndani, ujue kinautafutia mmea naitrojeni kama inavyotakiwa. Usije ukavidhania ni ugonjwa, nimeona watu wakivikwangua.

Sasa tandaza mimea tisa juu ya kitambaa na upasue shina la kila mmoja kwa urefu, kuanzia mzizi hadi shubiri moja juu ya ardhi.

Ni yupi kati yao?

Mzizi uliolainika, wenye majimaji, ganda likivuka na kuacha uzi wa katikati, hiyo ni kazi ya pithiamu, kimelea cha udongoni kinachofanana na kuvu. Hupenda udongo uliolowa siku nyingi, na hushika zaidi miche michanga. Mingine huozea ardhini hata haichomozi, ukasema mbegu mbovu. Wataalamu siku hizi hawamhesabu pamoja na kuvu wa kweli, na tofauti hiyo ina thamani ya pesa ukifika dukani. Tutafika huko.

Kovu la rangi ya kutu, lililobonyea, kwenye shina usawa wa ardhi au chini yake kidogo, ni rizoktonia. Kovu likizunguka shina, mche huanguka kama uliokatwa.

Mzizi mkuu ukiwa na michirizi myekundu inayogeuka kahawia na kupasuka kwa urefu, hiyo ni fuzari ya mizizi. Mmea haufi haraka. Unadumaa, majani ya chini yanakuwa manjano, na juu kidogo ya pale palipooza unachipua mizizi mipya karibu na uso wa ardhi. Ikumbuke mizizi hiyo.

Mbaazi ina fuzari yake, na hii humsikitisha mtu kwa sababu huja mti ukiwa mkubwa, unakaribia maua. Pengine upande mmoja wa mti unakauka na mwingine uko kijani. Ukichuna ganda la shina utaona michirizi ya kahawia iliyokoza au myeusi ikipanda ndani ya mti, na kwa nje pengine mkanda wa rangi ya zambarau unaoanzia ardhini.

Nyuzi nyeupe kama pamba zikizunguka shina pale linapokutana na udongo, na kati yake vidonge vidogo vya mviringo, kwanza vyeupe kisha vya kahawia, saizi ya mbegu za haradali, huyo ni sklerotiamu. Kwetu Pemba mwenyeji kabisa: anapenda joto, unyevu na udongo wenye uchachu. Vile vidonge ndivyo mbegu zake, na vinaweza kukaa ardhini miaka kadhaa vikikusubiri.

Wa mwisho ni makrofomina, naye ni kinyume cha pithiamu. Huja jua likiwaka na udongo umekauka, mmea ukiwa na maua au mapodo (maganda ya mbegu) machanga. Chuna ganda la shina la chini: ndani utaona vidoa vyeusi vidogo mno, kana kwamba mtu amepaka vumbi la makaa. Wakulima wa kwenye maweni upande wa Micheweni, ambako udongo ni mchache juu ya mawe na unachemka mchana, ndio wamtafute huyu kwanza.

Ukibaki na shaka, kuna kipimo cha jikoni. Kata kipande cha shina la chini kutoka mmea wa ukingoni, kioshe, kiweke kwenye kopo la plastiki lenye kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, funika, weka kivulini. Baada ya siku mbili tatu sklerotiamu hutoa nyuzi nyeupe zilizotandaa kama upepeo, na vidonge vyake hufuata. Kwa pithiamu na fuzari kipimo hiki hakisemi sana. Hao wanataka darubini. Chimba mimea mingine minne mitano pamoja na udongo wake, ifunge kwenye karatasi ya gazeti (usiifunge kwenye mfuko wenye maji, itaozea njiani), andika shehia, tarehe ya kupanda na zao lililotangulia, umfikishie bwana shamba au bibi shamba siku ile ile au ya pili. Sampuli zinazohitaji uchunguzi zaidi wataelekeza zifike kwenye Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Zanzibar, Kizimbani.

Mambo yanayofanana nao

Hapa ndipo wengi hupotea. Shina la chini likivimba na kupasuka, lipasue: ukikuta buu au vifuko vidogo vya kahawia chini ya ganda, huyo ni inzi wa maharage, mdudu, na dawa ya kuvu haimgusi. Uvimbe ulio sehemu ya mzizi wenyewe, usiobanduka kwa ukucha, ni minyoo fundo. Vinundu vyema hubanduka kirahisi. Minyoo hii hutoboa mizizi na kuwafungulia kuvu mlango, kwa hiyo unaweza kuwakuta wote pamoja. Mzizi uliokatwa na kujazwa udongo ndani ni mchwa.

Na kwa mabonde yaliyo karibu na mikoko, ambako maji ya bahari yameanza kuingia mashambani, kumbuka chumvi. Majani huungua kuanzia kingo, mmea hudumaa, mizizi huwa mifupi na ya kahawia lakini haina kovu wala haivuki ganda. Chota maji ya mfereji, yaonje kwa ncha ya ulimi uyateme. Yakiwa na chumvi, tatizo lako ni tuta la kuzuia bahari, ugonjwa usiuhangaikie.

Siku unapougundua

Mzizi mkuu uliokwisha kuoza hauponi, hata ukiumwagia nini. Kazi ya siku hiyo ni kuokoa iliyobaki.

Anzia sehemu nzima ya konde, umalizie kwenye kiraka, usianze kwenye kiraka. Chimbua mimea mibovu pamoja na udongo unaoizunguka, itie ndani ya polo papo hapo, na uitoe bila kuiburura. Ichome, au ifukie mbali, chini sana. Usiitupe kwenye jaa la mboji wala kwenye banda la mbuzi, maana mbolea ile utairudisha kondeni mwakani. Ukimaliza, sugua jembe na viatu mpaka udongo wote utoke, kisha uoshe kwa maji na sabuni. Jembe la kuazimana ndilo linalosambaza ugonjwa huu kutoka konde hadi konde, na kwetu jembe huzunguka mtaa mzima.

Baada ya hapo njia zinaachana.

Pithiamu: fungua maji. Chimba mfereji siku ile ile, hata kama ni wa kubabaisha, utoe maji yaliyotuama, na usimwagilie tena mpaka udongo wa juu ukauke. Tifua kidogo kati ya mistari upate hewa.

Fuzari ya mizizi: pandishia udongo kwenye shina, kina cha vidole vitatu au vinne, ile mizizi mipya ya juu ipate pa kushika. Mwagilia kidogo kidogo jua likizidi. Usipalilie kwa jembe karibu na shina, utaikata. Mmea unaweza kukupa mavuno ukibembelezwa hivi.

Sklerotiamu: hapa *usipandishie* udongo hata kidogo. Yeye hushambulia pale shina linapokutana na ardhi, na ukilifunika unamlisha. Fanya kinyume: futua udongo na majani makavu yaliyogusa shina, pabaki wazi, jua na upepo vipite. Mikunde ikisongamana, punguza.

Makrofomina: mmea una kiu na joto. Maji ya jioni kama yapo, na matandazo ya majani makavu au makuti kati ya mistari, ardhi ipoe.

Unaona sasa kwa nini nilisema usifanye kitu kabla hujachimba. Aliyeambiwa "pandishia udongo, mimi yangu ilipona" akaenda kupandishia kwenye sklerotiamu, anazika shamba lake kwa mikono yake.

Msimu ujao unaanza na maji

Kwa maoni yangu robo tatu ya kazi iko hapa, na haina gharama ila jasho. Ardhi ikiwa na unyevu wa kawaida, chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini. Lijaze maji, liache linywe, ulijaze mara ya pili, kisha uangalie yanapungua kiasi gani kwa saa. Yakipungua chini ya sentimita 2 na nusu kwa saa, kunde za msimu wa mvua hapo ni kamari.

Hulazimiki kuhama. Piga matuta: upana wa mita 1, urefu wa kwenda juu sentimita 20 hadi 30, na kati yake mfereji unaomwaga maji nje ya konde. Mfereji usiokuwa na pa kumwagia ni bwawa tu. Kwenye kichanga na kwenye kinongo kinachopitisha maji vizuri, tuta la chini linatosha. Kwenye maweni usipige tuta kabisa. Kule tunatafuta maji yakae.

Wakati nao una neno. Mvua za masika zikiwa zimeshika, Machi hadi Mei, udongo wa kinamo haukauki. Kunde za siku 60 hadi 90, na choroko zinazowahi kidogo kuliko hapo, heri uzipande mvua zikielekea mwisho ili miche ianze maisha kwenye unyevu wa wastani na podo zikaukie kwenye kipupwe. Wa maweni afanye haraka zaidi, maana akichelewa maua yatakutana na ukame na makrofomina.

Majani mabichi uliyoyafukia wakati wa kuburuga yape wiki tatu au nne yaoze kwanza. Pithiamu na sklerotiamu hunenepa kwenye majani mabichi yaliyofukiwa jana. Samadi nayo iwe imeiva: haina moto, haina harufu kali. Mwenye kiraka kidogo cha bustani kilichoharibika sana anaweza kukichemsha kwa jua: loanisha udongo, ufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, ubane kingo kwa udongo, uache wiki nne hadi sita katika joto la kaskazi, Januari na Februari. Kwa ekari nzima sikushauri, nailoni itakula faida yote.

Chokaa wengi huiuliza, kwa kuwa matanuu ya kuchoma mawe tunayo na sklerotiamu hapendi udongo usio na uchachu. Lakini sehemu ya ardhi yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe na tayari ina chokaa ya kutosha. Pima udongo kwanza.

Mbegu

Usichukue mbegu kwenye kiraka kilichougua, hata kama podo zilijaa. Makrofomina husafiri ndani ya mbegu. Chagua kwenye mimea uliyoitia alama ikiwa hai, kausha vizuri, kisha ukae mkekani utoe kwa mkono zilizosinyaa, zilizopasuka na zenye madoa ya kijivu au meusi. Pishi moja huchukua alasiri moja, na watoto wana macho makali kuliko sisi.

Hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa kilicholowa, uzikague baada ya siku nne au tano. Zikichipua chini ya 80, tafuta nyingine. Mbegu inayochipua kwa uvivu hukaa ardhini muda mrefu, na kila siku inayoongezeka ni siku ya pithiamu. Kwa sababu hiyo hiyo usizike mbegu chini: sentimita 3 hadi 5 inatosha. Nafasi ya kunde iwe kama sentimita 50 kati ya mistari na 20 ndani ya mstari. Zinazotambaa zipe zaidi.

Kwa mbaazi dawa kubwa ni aina ya mbegu. Bara kuna mbegu iitwayo Mali, iliyotolewa kwa kuwa inauhimili mnyauko wa fuzari. Iulizie kwa bwana shamba kama inakufaa. Kuchanganya mbaazi na mtama nako kunapunguza mnyauko.

Zao la kupokezana

Kunde baada ya kunde baada ya choroko si mzunguko, ni karamu. Kaa miaka miwili mitatu bila jamii ya kunde kwenye kiraka kilichougua. Mahindi na mtama hupunguza fuzari na wengineo, ila makrofomina huyala mahindi, mtama, hata ufuta. Anashambulia mamia ya aina za mimea.

Hapa Pemba ina bahati yake, mpunga wa bonde. Jaluba likifunikwa na maji wiki kadhaa mfululizo, hewa hukatika udongoni, na vidonge vya sklerotiamu pamoja na vile vidoa vya makrofomina hufa kwa wingi. Ile desturi ya kupanda kunde baada ya kuvuna mpunga ina akili ndani yake. Sharti ni kwamba maji yatolewe kwanza na tuta lipigwe, la sivyo umeua wawili ukamkaribisha pithiamu. Mpunga wa juu usiotuamisha maji hauhesabiki.

Dawa za dukani

Nimeziweka mwisho kwa makusudi. Dawa ya kuoza mizizi hutangulia mmea: hupakwa kwenye mbegu. Soma kiambato kwenye kibandiko, usisome jina kubwa la mbele. Thiramu hulinda mbegu dhidi ya wengi kwa muda mfupi. Metalaksili humpata pithiamu na jamaa zake tu. Fuzari na rizoktonia haiwashughulishi. Kabendazimu ni kinyume: huwapata fuzari, ikampita pithiamu kama hakumwona. Mankozebu ya kupiga kwenye majani, ile niliyopiga mimi mara tatu, haishuki kwenye mizizi. Kuna pia trikodama, kuvu rafiki anayewala wenzake, wa kupaka kwenye mbegu au kuchanganya na mboji iliyoiva. Ni kiumbe hai: muweke kivulini, na usimchanganye na dawa ya kuua kuvu.

Paka mbegu nje ya nyumba, ukivaa glavu na kuziba pua na mdomo, kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Kopo la kupakia lisirudi jikoni. Mbegu iliyobaki isipikwe wala kuku wasipewe, hata ikioshwa mara kumi. Na kwa kuwa sisi majani ya kunde ni mboga, mstari uliotiwa dawa uuwekee alama na usichume pale mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite. Kama hazikuandikwa, majani ya mstari ule msiyale.

Mbegu zikishachomoza, kila Ijumaa asubuhi mimi huchimba miche miwili ya kinamoni na miwili ya kwenye mwinuko, naiosha kwenye ndoo, naipasua. Minne kwa wiki haipunguzi mavuno. Palipo na dalili nachomeka njiti, na njiti hizo siziondoi baada ya kuvuna. Msimu wa pili mfereji wa kwanza nauchimba hapo.